Kochi Lisilofungamana na Upande Wowote

Utajua nyumba yako ya Buswelu, huku kwetu Usukumani, imekwisha siku jirani atakapoingia sebuleni, atazame gipsamu juu, atazame vigae chini, azungushe macho ukutani, kisha aulize kwa upole, "Sasa hapa tutakaa wapi?" Kwa miaka minne swali hilo lilikuwa na majibu. Nyumba haina dari, ulisema. Nyumba haina milango. Wageni walikalia viti vya plastiki na ndoo za rangi zilizopinduliwa, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu nyumba inayojengwa husamehewa kila kitu. Ikishapigwa rangi, msamaha umekwisha. Umefika hatua ya kochi.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyefika hapo, na ambaye jana usiku, ukiwa umelala na simu usoni, umeamua kwamba kochi lako litakuwa la rangi tulivu. Kreamu. Au ile wanayoiita biji, au rangi ya mtindi, au kijivu cha wingu lisilo na mvua. Simu imekuonyesha sebule ya watu wawili wa nchi ya baridi, wasio na watoto wala kuku, na chini ya picha yameandikwa maneno yaliyokumaliza: rangi hii inakubali kila kitu. Maneno hayo ni ya kweli kabisa. Inakubali chai, inakubali matope, inakubali mafuta ya sangara, inakubali kalamu ya bluu. Haijawahi kukataa kitu.

Kutofungamana na upande wowote ni kazi ngumu, na nchi hii inaijua. Aprili 1970 wajumbe wa nchi zisizofungamana na upande wowote walikusanyika Dar es Salaam kuandaa mkutano wao mkuu wa Lusaka wa Septemba mwaka huohuo, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyewafungulia kikao. Sisi tuliokuzwa na habari hizo redioni tulielewa mapema kwamba asiye na upande huvutwa na pande zote. Hivyo ndivyo litakavyokuwa kochi lako. Kila mtu mwenye jambo lake humo ndani atalifanyia hapo.

Hata hivyo sikulaumu. Wengi wanaokimbilia rangi hizi hawatafuti urembo, wanatafuta amani. Nunua kochi jekundu uone: hutapata mgeni wa Yanga atakayelikalia bila neno. Nunua la kijani na mito ya njano, watani wa Msimbazi watakaa ukingoni kama waliokuja kudai deni, na mwaka wa uchaguzi utakapofika utaulizwa kama mikutano ya tawi inafanyika hapo kwako. Rangi ya damu ya mzee, waliyoikalia wazazi wetu tangu tunazaliwa, ingemaliza ugomvi wote huu, lakini vijana wanasema ni ya kizamani. Kumbuka neno hilo, damu ya mzee. Tutalirudia ukishaumia.

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapa ndipo simu yako isipojua lolote.

Wakulima wa Kisukuma walishaupa udongo wao majina zamani sana, kwa kufuata mteremko. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga mwepesi wenye weupe na ujivu. Penye wekundu pana ikungu. Ukishuka unakutana na itogolo, ule mgumu unaogonga jembe. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi unaonata, unaovua watu viatu mwezi wa tatu. Miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliuona mpangilio wa namna hiyo katika miteremko ya Afrika Mashariki, kilima hadi bonde, tena na tena, akauita kwa neno la Kilatini, katena, yaani mnyororo. Neno hilo limeingia katika vitabu vya udongo vya dunia nzima. Sijasikia kitabu hata kimoja kinachoeleza uhusiano wake na makochi, kwa hiyo itabidi nieleze mimi.

Kabla ya kwenda kwa fundi, toka nje. Simama mlangoni, tazama uwanja wako, kisha vua kiatu utazame soli. Kama kiwanja chako kiko juu, kwenye mawe, vumbi lako ni luseni, na kochi la kreamu iliyopauka kidogo litaishi nalo kama mtu na binamu yake. Kama ulinunua kiwanja cha bei nafuu kule chini, na ulipouliza kwa nini ni nafuu dalali akakuonyesha mandhari, basi una mbuga. Kochi la kreamu kwenye mbuga ni matangazo ya sabuni yasiyolipwa. Na kama umekaa juu ya kipande cha ikungu, Mungu ameshakuchagulia: ni damu ya mzee, na uache ubishi.

Ninachosema ni kwamba rangi isiyo na upande haitoki kwenye simu. Ni rangi ya vumbi la mlangoni kwako. Biji ni vumbi la watu wengine.

Wapo watakaoniambia kuwa siku hizi kuna lami. Ipo, na waliojenga kando ya barabara ya Sabasaba, Kiseke hadi Buswelu wanaishi kama wafalme. Lakini wewe hukujenga kando ya lami. Umejenga ndani, unapinda kushoto kwenye duka la vifaa vya ujenzi, unapinda tena penye mwembe, na kuanzia Juni hadi Septemba kila kirikuu kinachopita na tofali kinakuletea sehemu ya barabara mpaka sebuleni. Wavu wa dirisha unazuia mbu. Vumbi linapita huku linapunga mkono.

Fundi makochi utampata barabarani. Huhitaji kuelekezwa. Fremu zimepangwa kando ya njia, uchi, zikisubiri nguo, na pembeni seti moja iliyokamilika imefunikwa nailoni ili vumbi la magari lisiione. Ukisimama tu umeshaitwa "mzee wangu", hata kama una miaka thelathini na mbili. Muonyeshe picha kwenye simu. Ataitazama sekunde tatu na kusema, "Hii ndogo." Hajawahi kuona kitu kinachomshinda. Ukimwonyesha picha ya meli ya MV Victoria atakuuliza unataka ya watu wangapi.

Atakuambia fremu ni mninga mtupu. Usibishane naye, lipindue kochi. Chini kuna kitambaa cheusi chepesi kilichobanwa kwa pini za stepla. Omba akifungue upande mmoja, umulike na tochi ya simu. Langu sikulipindua, nikaja kulipindua nyumbani baada ya miezi minne lilipoanza kulia, na nilichokikuta humo naweza kukuchorea mpaka leo: miguu minne ya mninga, imepigwa vanishi ikang'aa, na juu yake mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo kiwanda cha mbao huyatoa kama kuni, mengine bado yana gamba la mti. Kati ya banzi na banzi palikuwa na kipande cha boksi la sabuni ya unga. Mikanda ya kukalia ilikatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, jambo ambalo silipingi, kwani mpira ule ni mgumu kuliko mikanda ya dukani. Lakini ilibanwa kwa msumari mmoja mmoja, na msumari ulipigwa kwenye gamba. Miguu ilikuwa mninga. Yaliyobaki yalikuwa imani.

Sponji nayo ina maneno yake. Utasikia "haidensiti". Kila sponji barabarani ni haidensiti, hata ile ya vipande iliyotokana na godoro la bweni. Weka goti kwenye kiti, hamishia uzito wote, hesabu hadi kumi, utoe. Shimo likibaki, huo ni ushahidi. Likirudi taratibu kama mtu aliyeamshwa usingizini, inavumilika. Likiruka, lipa. Sponji njema ya kukalia huwa na uzito wa kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo, nawe hutakwenda na mizani kwa fundi, ila mkono wako unajua: ukinyanyua mto mmoja uone ni mwepesi kama kofia, mrudishie mwenyewe.

Zipu. Nimeitengea aya yake kwa sababu hakuna aliyenitengea mimi. Foronya za kochi la kreamu zisizo na zipu hazivuliwi, na zisizovuliwa hazifuliwi. Fundi atasema zipu zinaongeza gharama. Ongeza. Uza kitu.

Kuhusu leza nitasema kidogo. Ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki, kinafutika vizuri, ndiyo maana kinatamaniwa. Jasho, joto na mafuta ya nywele huula ule utando polepole, na siku moja mgeni mwenye suti nyeusi atanyanyuka na nusu ya kochi mgongoni. Kama ni ngozi halisi ya ng'ombe, hilo ni jambo jingine, na kwa bei hiyo mtu wa huku atakuuliza kwa nini hukununua ng'ombe mzima.

Rangi yenyewe usiichague barabarani. Jua letu hapa, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, saa sita mchana linafanya kila kitambaa kionekane kisafi. Kitambaa kilekile ukikiingiza sebuleni jioni, chini ya taa ile nyeupe ya kubana matumizi ya umeme, kinageuka rangi ya uji wa mgonjwa. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja. Kiweke sebuleni siku tatu. Kitazame asubuhi, kitazame usiku, kitazame umeme ukikatika. Siku ya nne kiweke mlangoni kama zulia la miguu, waache watoto watoke shule. Jioni kiokote. Hiyo ndiyo rangi ya kochi unalonunua. Ukiipenda, nenda kalipe advansi.

Na baada ya advansi utaingia katika kalenda ya fundi, ambayo ina siku moja inayoitwa kesho kutwa.

Kochi likifika kuna jambo la mlango. Watu hupima sebule, hupima hata ukuta wa runinga, hawapimi mlango. Mlango wako wa mbele ulikuwa futi tatu siku mwashi alipouacha. Kisha ikawekwa fremu. Kisha fundi wa kuchomelea akaja na geti la chuma, na bawaba zake, na komeo la kukaa ndani, na mlango ukabaki mwembamba kuliko ulivyodhani. Kochi la kona, lile lenye umbo la pembe ambalo vijana wanalipenda, huingia kwa vipande likaungwa ndani, na kila mtu hupiga makofi. Hakuna anayefikiria kutoka kwake.

Nami sikufikiria mpaka jirani yetu wa nyumba ya tatu alipofiwa na mama yake. Wenye mji wanajua utaratibu: msiba ukiingia, makochi yanatoka. Sebule inawekwa mikeka na magodoro, akina mama wanakaa chini na mfiwa, na wanaume wanahamia nje kwenye turubai. Vijana sita waliingia kulitoa kochi la kona. Walilinyanyua, wakalilaza ubavu, wakalisimamisha, wakalirudisha. Fundi aliyeliunga alikuwa ameligonga misumari upande wa ukuta, hakuna aliyeweza kuifikia. Mwishowe likakwama getini, nusu ndani nusu nje, huku waombolezaji waliotoka Sengerema wamesimama uwanjani na mabegi, wakishindwa kuingia kulia. Mzee mmoja akavua kofia, akalitazama sana, akasema liacheni kwanza tusalimiane. Ilibidi aitwe fundi wa kuchomelea aje na mashine akate geti.

Kwa hiyo chukua futi kamba. Kochi la kununua Buswelu lazima liweze kutoka mlangoni likiwa zima, likibebwa na watu wanne wenye haraka na huzuni. Likipita mtihani huo, kona na mitindo vitafuata.

Sasa umelipata, limeingia, limekaa. Utataka kuliacha na nailoni lake. Kila mtu huwa anataka. Nailoni hulinda kochi dhidi ya wenye nyumba, na wenye nyumba huvumilia mwaka mzima, wakibanduka mapaja kwa sauti kila wanapoinuka kupokea simu. Ukichoka na nailoni utaingia kwenye vitambaa. Vile vya kufuma kwa uzi, vya pembe tatu kwa mgongo na vya mviringo kwa mikono, ambavyo dada zako walifuma mpaka macho yakauma. Watu huvicheka, lakini vina kazi ya maana. Karne ya 19 Waingereza walipaka nywele mafuta yaliyoitwa ya Macassar, yakaacha doa la kichwa kwenye kila kiti cha heshima, nao wakalazimika kufunika migongo ya viti kwa vitambaa vilevile vya kufuma. Kichwa cha binadamu ni kilekile. Lakini angalia ulichofanya: umenunua kochi la rangi tulivu, ukalifunika vitambaa vya waridi na kijani, na juu ya vitambaa, kwa ajili ya watoto, umetandika shuka. Rangi uliyoipigania mwezi mzima haionekani na mtu yeyote isipokuwa mende.

Shuka langu lilikuwa jeupe, na hilo ndilo kosa lililonifundisha adabu. Shangazi alikuja kutoka Magu bila taarifa, akiwa na kiroba cha michembe na kuku wawili waliofungwa miguu. Nilikuwa uani. Mama watoto akamkaribisha, "Mwadila, shangazi, karibu upite." Shangazi alifika mlangoni mwa sebule, akaona makochi yote yamefunikwa meupe, akaweka kiroba chini. "Kafa nani," akauliza, "na mbona hamkunipigia?" Tulimweleza kwa muda mrefu. Alielewa, lakini hakukaa. Alisema kitu chenye weupe ule hawezi kukikalia na safari ya basi mwilini. Akaomba mkeka, akakaa chini, akanyoosha miguu na kuegemeza mgongo kwenye kochi la laki saba kama mtu anayeegemea ukuta. Kuku wakawekwa pembeni yake. Mmoja alifunguka.

Simlaumu shangazi. Sisi watu wa huku tunakijua kiti kuwa jambo zito. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement wa Kanada. Utaona jengo la kumbukumbu za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Jengo zima, kiti. Kwa mtu aliyelelewa na heshima ya namna hiyo, kukalia cha watu bila kuambiwa kwa nguvu ni utovu, na kukichafua ni zaidi. Kochi jeupe halimwambii mgeni karibu. Linamwambia angalia. Ukitaka kujua kama umechagua vibaya, hesabu wageni wanaosema, "Mimi hapa nje panatosha."

Nalo langu lilipata nafasi ya kwenda nje. Katika msiba uleule, kochi la kona la mfiwa lilipokuwa limekwama getini, wazee hawakuwa na pa kukaa, na kuna maombi ambayo hayakataliwi. La watu watatu na mawili ya mtu mmoja yalitoka kwangu bila kugusa fremu ya mlango, hilo najivunia mpaka leo, yakapangwa chini ya mwembe. Yalikaa siku tatu usiku na mchana. Yalipokea luseni ya miguu ya watu wa kata nzima. Yalipokea moshi wa magogo ya usiku, chai ya rangi, ugoro wa babu mmoja aliyekuwa akisisitiza jambo, na manyunyu ya alfajiri ya siku ya pili, ambayo yaliyachanganya yote hayo vizuri. Yaliondoka kreamu yakarudi Buswelu.

Tulifua mara tatu. Foronya, kwa kukosa zipu, tulizipasua mshono na kuzishona upya. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa, ya pili kama chai, ya tatu yalitoka safi, na kitambaa kikabaki na rangi ambayo sijaiona kwenye katalogi yoyote: si kijivu, si kahawia, si mchanga, ina ujivu wa jiwe letu la nyuma ya choo linapokauka baada ya mvua. Shuka tukaliondoa. Vitambaa tukavipeleka kwa mama mkwe. Tangu siku hiyo hakuna kilichomwagika kikaonekana, na shangazi aliporudi mwezi wa nane alikaa bila kuambiwa, akaomba na mto.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa mtaa wa pili, ambaye ndiyo kwanza anapiga gipsamu, alipita kusalimia. Akalipapasa kochi mkononi, akarudia, akauliza rangi hii inaitwaje na anayo fundi gani, maana ameitafuta mjini kote. Mama watoto akanitazama. Nikamwambia haipatikani dukani, ni ya kuagiza, na huchukua kama miaka miwili kufika.

Ameomba namba ya fundi.